Wote Wanakata Kulia

Jumamosi, 1 Machi

Mvua imeanza kabla sijamaliza kupandisha meza ya nne juu ya matofali. Bati limevuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya kompyuta namba tatu, na fundi aliniapia kwa mama yake mzazi kwamba kaziba. Nimetega ndoo. Naandika haya ili msimu ukiisha asiwepo mtu wa kunisimulia mambo yaliyotokea mimi nikiwa nimekaa palepale. Mwaka jana kila mtu alikuwa na hadithi yake ya msimu, na katika zote mimi sikuwemo.

Msimu ni huu. Kumbi sita, mechi tano, kila ukumbi unakutana na wenzake mara moja. Wa mwisho anatoka kwenye ligi. Ukumbi uliotoka haufi siku hiyohiyo, unakauka taratibu, maana wachezaji wanahamia kunakochezwa. Ule wa karibu na soko ulitoka mwaka juzi. Leo mle ndani wanauza magodoro.

Mchezo wenyewe unaitwa Wanne na Mmoja. Wanne wamefungiwa mahali pa kutisha, sisi tunapaita ramani, wawashe taa tano kati ya saba ndipo lango lifunguke. Mmoja anawawinda. Akimkamata mtu anamtia tunduni, na mwenzake anaweza kwenda kumfungulia, kama ana roho hiyo. Mechi ina vipindi viwili: mwindaji wetu na wanne wao, kisha wanne wetu na mwindaji wao. Upande uliotoa watu wengi langoni ndio umeshinda.

Mwindaji wetu ni mimi. Wanne wana hedfoni, wanaongea, wanacheka, wanapigwa picha. Mwindaji anafungiwa chumba cha pembeni peke yake, bila maiki, na akitoka anaulizwa kama chai iko tayari.

Jumanne, 4 Machi

Mazoezi ya kwanza. Wamefika wote wakiwa wamelowa, wakaninyeshea sakafu niliyoipiga deki mchana.

Kapteni ni binti wa kaka yangu, anauza dawa duka la kona. Yeye ndiye aliyeanza kuniita shangazi humu ndani, wengine wakafuata, mpaka Kinyozi ambaye mvi zake zinanizidi. Kinyozi mdomo haumtulii. Ananyoa watu wa mtaa mzima na habari zao anakuja kuzimwaga kwangu. Muuguzi ni mtu wa taratibu, akikimbizwa anahema puani kama amelala. Wa nne tunamwita Kimya, fundi umeme. Sababu ya jina anaijua kila aliyewahi kumsalimia.

Tumecheza ramani mbili. Nimemkamata mmoja tu katika zote.

"Shangazi umezeeka!" Kinyozi amepiga kelele. "Mwaka huu tunachukua kombe."

"Kombe gani, nawe hata mkasi unakukimbia?"

Wamecheka. Mimi nilikuwa nafurahi kimoyomoyo. Miaka mitatu nimewanoa watu hawa kwa mikono yangu, na sasa hata mimi siwashiki.

Alhamisi, 6 Machi

Umeme haukuwepo. Nimepanga viti, nimepangua.

Jumamosi, 8 Machi

Mechi ya kwanza, ugenini, ramani ya Shamba. Tumeshinda tatu kwa moja.

Wasiojua wanadhani mwindaji kazi yake ni mbio. Shamba ni mahindi matupu, marefu kupita kichwa, hakuna ukuta wala dirisha la kurukia. Ukimfuata mtu mle ndani unageuka ng'ombe aliyepotea. Ninachofanya mimi ni kuhesabu. Taa saba, tano zinawatosha. Maana yake nikishika tatu zilizo jirani, hazitimii tano hata wafanyeje. Nimewaachia nne za mbali wawashe wapendavyo, nikapanda kichuguu kilicho katikati ya tatu zangu, nikawa natazama mabua yanayotikisika bila upepo. Wamekuja wenyewe. Mtu akibakiwa na njia moja, huna haja ya kumkimbiza.

Kwa wanne wetu mambo yalikuwa rahisi, mahindi yanameza kila mtu. Wametoka watatu. Kinyozi alinaswa kwa sababu alisimama kuwasimulia jambo.

Picha ya ushindi imepigwa. Aliyeishika simu ni mimi.

Jumanne, 11 Machi

Bega la kulia limenisumbua tena. Nimeshindwa kuteremsha sufuria rafuni, mume wangu akaja akaiteremsha kwa kidole kimoja, kisha akanitazama.

"Unawinda watu gani wewe, hata sufuria inakutoroka?"

"Sufuria haikimbii."

"Ndiyo maana nashangaa, mama."

Nimepaka dawa. Kukaa sana tu.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Tundu la bati limehama, ndoo nayo imehama. Mteja mmoja.

Jumamosi, 22 Machi

Hospitali. Sijui nianzie wapi.

Ramani hii naijua kama jiko langu. Ghorofa mbili, ngazi moja tu, iko mwisho wa korido. Ukiiacha ngazi nyuma yako, vyumba vya mkono wa kulia ni mifuko: ukiingia umeingia, mlango ni uleule mmoja. Vya kushoto ni wodi ndefu zenye mlango wa nyuma, unaingia huku unatokea kule. Nilikwisha wachorea ubaoni kwa chaki, vya kulia nikavipaka mistari kama kaburi. Hakuna asiyejua.

Kipindi changu nilisimama juu ya ngazi. Taa tatu ziko ghorofani, nne chini. Niliwaachia wawashe tatu za chini ili wajione wanaenda vizuri, kisha nikaibana ngazi. Wawili wakatoka, wawili nikawatia tunduni. Kwa Hospitali hiyo ni kazi nzuri, aulizwe yeyote.

Kisha wakaingia wa kwetu. Muuguzi kakamatwa chumba cha kulia. Kimya kakamatwa chumba cha kulia. Kapteni kaenda kumfungulia Kimya, wakatoka pamoja, wakakimbizwa, wakaingia wote wawili chumba cha kulia. Kinyozi alibaki peke yake akilia kwa sauti kwenye maiki, mpaka mwamuzi akamwomba apunguze. Hakutoka hata mmoja.

Njiani Kapteni alikaa dirishani. "Ramani mbovu ile," amesema, akitazama nje.

Mimi nilizuia wawili. Nimelirudia hilo kichwani mpaka nyumbani.

Jumanne, 25 Machi

Nimewaweka chini. "Chumba cha kulia kina milango mingapi?"

"Mmoja, shangazi," wamejibu kama watoto wa darasa la pili.

"Mnaingia kufanya nini?"

Kinyozi amekuna kichwa. "Mguu unaenda wenyewe."

Tumecheza Hospitali kwa jioni nzima, mimi nawawinda. Wameniponyoka karibu kila mara. Wameingia vyumba vya kulia, wameniruhusu nifike mlangoni, wakanizunguka kitandani wakatoka wakinicheka. Kwangu mimi kaburi lile lina mlango. Basi nikakubali kwamba siku ile ilikuwa woga tu wa ugenini.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua ya kupasua bati. Katika mchezo huu mwindaji akikaribia unasikia moyo ukidunda kwenye hedfoni. Leo mtu hasikii hata moyo wake mwenyewe. Tumeahirisha.

Jumamosi, 5 Aprili

Kiwanda. Sare, wawili kwa wawili. Kiwandani madirisha ni mengi kuliko kuta, na mwindaji anayemfuata mtu dirishani amekubali kuwa mjinga. Nilikaa kwenye taa zangu tatu nyuma ya tanuri, nikawaacha waruke madirisha yao kama mbuzi. Hesabu ilinipa wawili. Bega liliniwaka kipindi kizima.

Wa kwetu wametoka wawili. Kapteni na Kimya wamekamatwa kona ileile, wakipishana muda mfupi tu.

Jumamosi, 12 Aprili

Wamegombana. Kapteni amemwambia Kinyozi mdomo wake ndio unaomaliza timu. Kinyozi amejibu kwamba kapteni ambaye hatoki langoni ni abiria kama wengine. Muuguzi amejaribu kupatanisha, akaambiwa na wote wawili arudi wodini kwake. Kimya akaamka akaenda kumwaga ndoo, akakawia huko makusudi.

Na mimi nikasema langu. Nikamwambia binti wa kaka yangu kwamba ukumbi huu niliuanza na kompyuta moja ya kuchapia watu barua za kuomba kazi, hakuna kaka wala mjomba aliyenishika mkono, na sitaukabidhi kwa watu wasiojua kuhesabu milango.

"Sawa," amejibu. "Lakini shangazi, wewe hukimbizwi. Unatutazama kutoka juu kama ramani. Sisi tumo ndani."

 Nikaenda kuzima taa za nyuma.

Jumamosi, 19 Aprili

Mechi ya nne, ukumbi wa Kioo, ramani ya Machimbo. Ukumbi wao una zulia, viti vinavyozunguka, na mwindaji wanayemwita Paka. Mwanamke mwembamba, kijana kuliko Kapteni, anatafuna kitu muda wote.

Machimbo ni shimo lenye matuta ya kushuka, na kila unaporuka kushuka hupandi tena ila kwa kuzunguka. Mwindaji mwenye akili hakai chini. Nilikaa tuta la juu, nikawaacha wao wachague kushuka. Watatu wametoka hata hivyo, wana miguu wale watoto.

Paka hakukaa tuta lolote. Alikuwa anawafuata wa kwetu mpaka kwenye jiwe, na kabla hawajakata kona yeye alikuwa keshafika upande wa pili, anawasubiri, kama mtu anayepokea wageni kituoni. Alifanya hivyo kwa Muuguzi, akafanya kwa Kapteni, akafanya kwa Kinyozi mara mbili. Kimya pekee alitoka.

Baada ya mechi amekuja kunipa mkono. Nimempa wa kushoto.

"Shikamoo, shangazi. Niulize kitu?"

"Marahaba. Uliza."

"Watu wako wote wanakata kulia. Kila jiwe, kila ukuta, kulia, kulia, kulia. Nani kawafundisha?"

Kinyozi alikuwa karibu. "Tunakata tunakotaka sisi!"

"Ndiyo, baba," Paka kamwambia, bado anatafuna. "Na mnakotaka ni kulia."

Wenzake wamecheka ukumbi mzima. Kesho kumbi zote zitakuwa na habari hiyo.

Jumapili, 20 Aprili

Mume wangu kaenda kwa dada yake, mimi nikabaki na rekodi za mechi zote nne. Nimeziangalia mpaka macho yakawa kama yana mchanga. Sikutazama taa wala lango, nimetazama kona tu.

Paka kasema kweli. Katika kila kona kumi, kona tisa wamekata kulia. Shambani haikuonekana kwa sababu Shambani hakuna kona. Kiwandani iliwaumiza nusu, kwa sababu madirisha yako pande zote. Hospitalini iliwaua wote, kwa sababu kulia ni mifuko. Mimi nilidhani ni ramani nne zenye shida nne. Ni shida moja, imebadilisha nyumba tu.

Sikuuliza nani kawafundisha. Nilinyoosha mkono kuchukua kikombe kilichokuwa kulia kwangu, bega likakataa, nikachukua kwa kushoto. Nikabaki nakitazama kile kikombe.

Ninapomfuata mtu na yeye akakata kushoto, navuta kipanya kuja kifuani, mkono unakwenda. Akikata kulia, lazima mkono ufunguke kwenda nje. Haufunguki. Nachelewa. Tangu lini? Sijui. Taratibu, kama bati linavyooza.

Wale hawajajifunza ramani. Wamejifunza bega langu.

Jumanne, 22 Aprili

Nimedanganya kwamba nina hesabu za kufunga, nikamwomba Kimya awinde badala yangu. Hajawahi kuwinda. Amekaa kwenye kiti changu kama mtu aliyekalia yai.

Amewakamata wote watatu kabla taa ya tatu haijawaka. Hospitali, vyumba vya kulia. Wametoka wanamtazama kama mgeni.

"Kumbe we mchawi," Kinyozi amemwambia.

Kimya amenitazama mimi. Fundi umeme akiona waya umeungua hapa anatafuta ulikoanzia. 

Alhamisi, 24 Aprili

Nimejaribu kuwinda kwa mkono wa kushoto, ukumbi ukiwa mtupu. Bora ningetumia kisigino.

Ijumaa, 25 Aprili

Hesabu ya ligi ni hii: tumebaki sisi na ukumbi wa Stendi mkiani. Mechi ya mwisho ni sisi kwa sisi, hapa kwangu. Kwa pointi tuko sawa, ila wao wametoa watu wengi zaidi langoni tangu msimu uanze, kwa hiyo sare inawatosha. Sisi mpaka tushinde.

Nikinyamaza, wanaingia mechi ya mwisho wakikata kulia, na Stendi keshasikia kama kila mtu. Nikisema, mtu atauliza kiti kile nakikalia kwa kazi gani. Kiti nilikinunua mimi. Ubao ni wangu, chaki yangu, ndoo yangu. Katika ukumbi huu sehemu yangu ya kucheza ni ile moja tu.

Nimelala na dawa ya kuchua begani, nyumba nzima inanuka.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimewaambia.

Nilitaka kulizungusha, nikaona litanishinda. Nimewasha rekodi, nikawaonyesha kona, moja baada ya nyingine, kulia, kulia, kulia. Kisha nikasimama mbele yao nikasema hebu nitazameni, nikajaribu kuinua mkono wa kulia pembeni. Umefika usawa wa mbavu ukasimama.

Muuguzi ameinuka haraka kuliko alivyowahi kukimbia mchezoni. Amenishika kiwiko, akauzungusha mkono taratibu mpaka nikauma meno.

"Shangazi, bega limekakamaa hili. Tangu lini?"

"Lilikuwa linauma kidogo tu."

"Sikukuuliza linauma kiasi gani."

Kapteni hakuinuka. Alikuwa ametazama skrini, pale yeye na Kimya walipoingia chumba cha kulia pamoja. "Kwa hiyo miaka yote hii tunakimbia mkono wako."

"Sikujua."

"Ukatuita wasiojua kuhesabu milango."

"Niliwaita. Milango nilihesabu sawa, nilichokosa kuhesabu ni mimi."

"Shangazi, mimi nililia baada ya Hospitali! Nilikwenda dukani kesho yake nikampa mtu dawa ya kikohozi badala ya ya tumbo, akarudi kunitukana. Nilidhani nimekuwa mjinga. Nilidhani mikono yangu imekufa."

"Wa kwangu ndio uliokufa," nikamwambia.

Kinyozi ndiye aliyecheka kwanza, peke yake, mkono mdomoni. "Samahani jamani. Ila nilikuwa natamba mtaani kwamba mwindaji hajazaliwa wa kunishika mimi. Kumbe nimekuwa nakimbizwa na mgonjwa."

Kapteni alijitahidi kutocheka, akashindwa nusu. Kisha akaja akasimama mbele yangu, akaniuliza kama kapteni, si kama mtoto wa kaka: "Nani anawinda Jumamosi?"

Nimejibu: "Kimya."

Kimya akatikisa kichwa kukataa. Nikamwambia kazi ya kuwinda haihitaji kuongea, imeumbwa kwa ajili yake, na taa zipi ashike katika ramani ipi nitamwonyesha mwenyewe. Akaacha kutikisa.

"Na nafasi yake kwa wanne?" Muuguzi akauliza.

 Ndoo ikawa inadondokewa. Sikusubiri wanitazame, nikaenda kuchukua hedfoni ya Kimya nikaipangusa.

Jumanne, 29 Aprili

Mazoezi ya kukata kushoto. Ni kama kumfundisha mtu kusalimia kwa mguu. Kimya anawashika, anawatia tunduni, anawashika tena. Mimi nakamatwa kabla ya wote. Sikujua kwamba kule ndani giza ni zito hivi. Ubaoni nilikuwa nachora korido kwa mstari mmoja. Ukiwa ndani haina mwisho, na moyo unadunda masikioni huku hujui mwindaji anatokea wapi. Nilimwelewa Kapteni, ingawa sikumwambia.

Ijumaa, 2 Mei

Chama cha ligi kimepiga kura ya ramani ya kesho. Hospitali.

Mume wangu kanichua bega bila mzaha wowote. Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua ilinyesha tangu asubuhi. Watu walijaa mpaka mlangoni, miamvuli imerundikwa kwenye beseni. Stendi walikuja na mwindaji wao, jamaa mnene mpole aliyenisalimia kwa heshima zote kisha akaniuliza mbona nimekaa upande huu. Nikamwambia nimechoka kukaa peke yangu.

Kimya aliwinda kwanza. Nilikwisha mwambia: ngazi, bana ngazi, usidanganyike na taa za chini. Alibana. Mara moja alishuka kumfuata mtu, nikapiga meza kwa ngumi ya kushoto, lakini kumbe alikuwa amesikia mwingine anapanda kwa nyuma. Akawashika wawili. Wawili wakatoka. Kwa mtu wa siku chache, ni kazi kama yangu. Nitaliandika hivyohivyo.

Tukahitaji watatu.

Mpango ulikuwa wangu. Mwindaji wa Stendi anajua tunakata kulia. Kaja nalo hilo kama mtu aliyekuja na ufunguo. Akituona sote tunakata kushoto mara moja, atabadilika. Lazima amwone mmoja anakata kulia, aamini, asimame kwenye mlango wa kulia. Mtu huyo ni yule asiyeweza kukimbia.

"Yaani chambo," Kapteni alisema.

"Yaani hesabu. Wanne toa mmoja."

Tukaingia. Mara ya kwanza katika mechi nikasikia wanavyoongea. Miaka yote nimewaona midomo ikicheza nyuma ya kioo, nikidhani wananisema. Walikuwa wananisema. Taa ya kwanza haijawaka, Kinyozi akapaza sauti: "Shangazi huyo anapanda! Shangazi yuko ngazini!"

"Mimi niko chini jikoni," nikasema.

Muuguzi akahema puani, ndicho kicheko chake. "Samahani shangazi," akasema Kapteni. "Sisi mwindaji yeyote tunamwita hivyo. Tumezoea."

Sijui kwa nini jambo hilo liliniingia hivyo, katikati ya giza lile, bati likipigwa kama ngoma juu ya vichwa vyetu. Katika kila mechi waliyocheza bila mimi, walikuwa wanalitaja jina langu.

Moyo ukaanza kudunda kwangu. Mvua iliuzima nusu, nikajua kachelewa kusikika, yuko karibu. Nikaingia koridoni, ngazi nyuma yangu. Kushoto wodi, kulia mifuko. Nikapita mlango wa kwanza wa kushoto, wa pili. Nikakata kulia.

Chumba nilikipaka mimi mwenyewe chaki. Kitanda, beseni, ukuta. Akasimama mlangoni, hakuwa na haraka. Nilizunguka kitanda mara moja, mara mbili, mara ya tatu akanishika. Akanifunga kamba, akanitia tunduni. Na kweli aliamini: akaacha tundu langu, akaenda kusimama kwenye mlango wa pili wa kulia kumsubiri atakayekuja kunifungulia.

Ukiwa tunduni unaona vivuli vya wenzako vikienda. Nikawaona watatu, wanapita kushoto, kushoto, kushoto. Kinyozi alikaribia kukosea mara moja, nikasikia anajiambia "mguu we, mguu we," akageuza. Taa ya tatu. Ya nne. Jamaa wa Stendi akashtuka akaondoka mlangoni, lakini ya tano ilikuwa ghorofani na Muuguzi alikwisha kuishika. Ikawaka. Lango likafunguka.

Kinyozi nje. Muuguzi nje. Kivuli cha Kapteni kikafika langoni kikasimama. Kikageuka.

"Toka," nikamwambia.

"Yuko mbali, shangazi. Nakufikia."

"Toka nimesema."

"Naweza!"

Pengine angeweza. Nilimwona anarudi hatua, na jamaa mnene naye anashuka ngazi. "Mwanangu," nikasema, "ukirudi ni wawili kwa wawili. Mimi nimekaa, sina tabu. Hesabu milango."

Akatukana kidogo, tusi la kaka yangu hasa. Akatoka.

Tatu kwa mbili. Watu walipiga kelele mpaka sikusikia mvua. Mimi nilikuwa bado tunduni, maana mchezo haukutoi mpaka mwindaji aje amalizie. Alikuja polepole, akasimama mbele yangu kidogo, akainamisha kichwa kama anaaga, ndipo akamaliza.

Picha ilipigwa. Simu alishika mwamuzi.

Jumamosi, 17 Mei

Jua siku ya nne mfululizo. Nimeianika ndoo juani mdomo chini. Fundi wa bati kaja, kaapa tena, safari hii kwa baba yake.

Muuguzi kanipeleka kwa mtu wa mazoezi ya viungo. Naning'iniza mkono, nauchezesha kama wa mdoli. Anasema utarudi, hasemi lini.

Jioni tumecheza Hospitali, tusiwe na kutu. Kimya kanikamata wa kwanza, kama kawaida yake siku hizi. Alipokuwa ananitia tunduni, maiki tuliyomwekea chumbani kwake kwa ajili ya mazoezi ikakoroma, na sauti nisiyoizoea ikasema, "Pole, shangazi."

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama.

"Usinipe pole," nikamwambia. "Umekuja kwa kulia tena. Kesho njoo kwa kushoto, wasije wakakuzoea."